Suti ya Mazishi

Odell Pettway alikuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani katika chuo kimoja cha Alabama, na jezi zenye namba yake ziliuzwa mji mzima. Yeye mwenyewe, kwa kuwa mchezaji wa ridhaa, hakuruhusiwa kupokea hata zawadi. Sasa mkaguzi wa ligi alitaka kujua suti aliyovaa kwenye mazishi ya mama yake ilitoka wapi. Akisema kweli, angefungiwa msimu mzima.

"Sema kakununulia mjomba," kocha alikuwa amemnong'oneza mlangoni. "Jumamosi tuna mechi, mwanangu, usituue!"

Kila Odell alipoufungua mdomo, uongo ulikataa kutoka.

"Kijana, nakusubiri," mkaguzi alisema.

"Alinipa mzee Hutchens, mwenye duka. Ulitaka nimzike mama nikiwa nimevaa bukta?"

Kocha akashika kichwa. "Ndiyo umetumaliza!"

"Pole kwa msiba," mkaguzi alisema, macho yake yakimkwepa. "Lakini umefungiwa msimu huu, na suti uirudishe."

"Ina udongo wa kaburini magotini," Odell akasema. "Niifue kwanza?"