Namba Arobaini na Moja

Saa tano asubuhi nilikuwa nimeshainuka kitini mara saba, na sikuwa na sababu hata moja ya kuinuka. Orodha ilikuwa imekwisha. Kurasa mia mbili na kumi: kila albamu ya roki na ya jazi ambayo kampuni yetu iliwahi kuitoa, kwa namba, jina la kundi na tarehe ya kuingia madukani. Niliiandaa mimi, miaka miwili, mpaka nikaanza kuvaa miwani. Saa kumi jioni mpiga chapa angekuja kuichukua. Ulibaki mstari mmoja mtupu, na mstari huo ulikuwa wa baba yangu.

Ni namba arobaini na moja, upande wa jazi. Kwenye daftari la zamani, mbele yake, karani aliandika neno moja tu: imefutwa.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta. Alirekodi albamu moja maishani mwake, katika studio ya kampuni hii hii, na kila alipoulizwa itatoka lini alijibu kesho. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kumwita Kesho. Jina likashika. Shangazi zangu wakalidaka, majirani wakalidaka, na mpaka leo wapo watu wasiolijua jina lake lingine. Najuta, na nimejuta siku nyingi.

Kibaya zaidi ni kisa cha kinyozi. Siku moja Baba alirudi nyumbani akihema, akasema amesikia tarumbeta yake ikilia kwa kinyozi. Ameingia ndani, ameomba aone jalada la santuri, na kwenye jalada wamo vijana wanne na magitaa yao, wamesimama juu ya gari bovu. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Mama peke yake hakucheka. Alimwambia kwa upole akapumzike. Tangu siku ile tarumbeta ikapandishwa juu ya kabati, na kila mgeni aliyekuja alisimuliwa kisa cha kinyozi pamoja na chai.

Simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Mwanangu, umefikia wapi?"

"Palepale, Baba."

"Hizo karatasi zinachukuliwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi muda upo. Mimi niko hapa hapa kwenye simu, sina safari."

Baba ana miaka themanini na moja. Safari zake siku hizi ni kutoka kitandani hadi barazani, na kurudi. Nilikata simu nikaenda kwa mkuu wa idara, ambaye tunamwita Mama Tarehe akiwa hasikii. Muziki haumhusu ndewe wala sikio. Yeye ni mtu wa tarehe.

"Nataka siku iliyoingia dukani, na ushahidi wake," akasema bila kuinua kichwa. "Santuri ambayo haikuuzwa haikutoka. Tunaandika historia ya matoleo, hatuandiki matumaini ya watu."

"Na kama iliuzwa?"

"Nionyeshe aliyeinunua. Halafu acha kugonga hiyo kalamu, bibie, utanitia wazimu."

Nikarudi mezani na kalamu yangu. Hapakukalika. Nikafungua orodha, nikafunga, nikafungua tena. Jicho langu lilikuwa linatafuta arobaini na moja, basi likaiona ya upande wa roki, maana roki na jazi zilihesabiwa kila moja kivyake. Kando yake palikuwa na picha ndogo ya jalada: vijana wanne juu ya gari bovu.

Picha ile nimeipitisha mikononi mwangu labda mara mia. Sikuwahi kuiona. Kisa cha kinyozi kwangu kilikuwa utani wa nyumbani, na sikuwahi kufikiri kwamba utani unaweza kuwa na gari la kweli ndani yake. Nikashuka ngazi kwenda stoo, nusu nikimbie.

Stoo ina nakala mbili za albamu ile. Kwenye kila santuri, kati ya wimbo wa mwisho na ile lebo ya karatasi, pana duara laini lisilo na muziki. Hapo fundi aliyeichonga huandika namba ya albamu kwa ncha ya sindano, herufi nyembamba za mkono. Lebo hubandikwa baadaye, na watu wengine. Nikaitoa nakala ya kwanza, nikaigeuza kwenye taa: roki, arobaini na moja. Nikaitoa ya pili. Nikaigeuza nayo kwenye taa. Jazi, arobaini na moja.

Nikaiweka kwenye mashine. Ngoma, besi, halafu tarumbeta. Kabla ya kila noti ya juu mpigaji alivuta pumzi fupi puani, ileile anayoivuta mpaka leo kabla ya kunikaripia. Nilisimama pale stoo nikalia waziwazi, mtu mzima na miwani yangu.

Lakini machozi hayana tarehe. Nikavuta faili la malalamiko la mwaka wa albamu ile, na juu kabisa palikuwa na barua ya kiwanda ya kujieleza. Lebo za roki zilikuwa nyekundu na za jazi buluu, na wabandikaji walizoea kwenda kwa rangi. Kusoma namba hakuna aliyekuwa na muda. Juma lile wino wa rangi uliisha, lebo zote zikachapwa nyeusi. Albamu mbili zilikuwa zinatengenezwa siku moja, zote arobaini na moja. Santuri mia tano za jazi zikabandikwa lebo za roki, zikavikwa majalada ya roki, zikauzwa kwa siku kumi na moja kabla ya kurudishwa na kuyeyushwa. Meneja, kwa aibu, akaifuta ya jazi kabisa ili asiulizwe tena. Baba hakuambiwa neno.

Chini ya barua hiyo zilikuwamo barua za wanunuzi, zaidi ya thelathini, karibu zote za hasira. Mmoja aliandika kwamba ameomba magitaa akauziwa honi. Nilizisoma kwa hasira, kana kwamba walimtukana Baba mezani kwetu. Ya mwisho ilikuwa fupi, ya muuguzi wa wodi ya watoto, yenye tarehe juu na anwani chini. "Najua siyo niliyoilipia. Sibadilishi. Naomba tu mniambie ni nani anayepuliza, na kama ana nyingine." Pembeni mtu alipiga mhuri: haihitaji jibu.

Nikampelekea Mama Tarehe barua hiyo pamoja na ile ya kiwanda. Alizisoma mara mbili, akavua miwani, akaivaa.

"Tarehe ipo. Mnunuzi yupo," akasema. "Iingize."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Andika na zile siku kumi na moja. Na kwa nini zilikuwa kumi na moja."

Nikaandika. Saa tisa na nusu nikampigia Baba. Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Baba, kwa kinyozi ilikuwa santuri yako."

"Najua," akasema. "Si nilikuwapo?"

Nikamwambia nisamehe kwa lile jina, Baba. Kisha nikamsomea barua ya muuguzi.

"Hebu rudia hapo mwisho."

"Na kama ana nyingine."

Nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni.

"Baba, unafanya nini?"

"Naishusha tarumbeta. Mtu kauliza, na nyingine ninazo kichwani."

"Utaanguka! Iache hapohapo, nitakuja kesho niku..."

Neno lilishatoka. Upande wa pili nilisikia ile pumzi fupi ya puani.

"Siyo kesho," Baba akasema. "Njoo leo."

Nikachukua mkoba. Mpiga chapa nilikutana naye kwenye ngazi, nikamtupia karatasi mikononi, nikaendelea kushuka.