Sifa Zilizomtoa Stanley Uwanjani

Marhoon bin Thani alimfukuzisha Stanley Ackroyd kwenye timu ya raga ya kambi, na alimfukuzisha kwa kumsifu. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Februari, mwaka 1967, siku nne kabla ya mechi na maofisa wa jeshi. Hakumtukana mtu wala hakusengenya. Alisema neno jema juu ya mwenzake mbele ya mkubwa wao, kama walivyomfunza kwao Unguja, na kufika adhuhuri mwenzake hakuwa na timu.

Kambi ilikuwa pwani, baina ya Matrah na Ghubra, mali ya kampuni iliyokuja kutandika mabomba ya mafuta. Marhoon alikuwa karani wa stoo. Kwao alikuwa karani wa forodha. Alipofika Oman mwishoni mwa mwaka 1964 alikaa miezi kumi na nne akihesabu boriti za dari ya shemeji yake, kisha Kiingereza chake kikampatia kiti, feni na ufunguo wa stoo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapa vifaa wazungu wa kuchomelea mabomba. Walikuwa arubaini na mmoja. Hawakutia saini, maana mikono yao ilikuwa grisi tupu na kila mmoja ana haraka. Marhoon alimtazama mtu usoni, akaandika jina, akatoa kifaa. Mwaka mzima hakukosea hata mara moja.

Stanley alikuwa mmoja wao. Jitu la miaka thelathini na sita, pua imevunjika mara tatu, sikio la kushoto limefura kama kaimati. Kila wiki tatu dada yake alimletea bunda la magazeti ya mji wao, Calderthorpe, mji wa makaa ya mawe kaskazini ya Uingereza. Akimaliza kuyasoma aliyatupa juu ya kaunta ya stoo.

"Fungia misumari," alisema.

Marhoon hakufungia misumari. Alisoma. Alisoma matangazo ya maiti, alisoma bei za viazi, lakini kilichomnasa ni klabu ya raga ya mji ule. Gazeti liliandika juu ya klabu ile kuliko lilivyoandika juu ya serikali. Akaanza kuufuata msimu kutoka mechi ya kwanza, mwezi wa Agosti, na kila asilolielewa alimngojea Stanley aje kuchukua kifaa.

"Bwana Stanley, hawa wanachimba makaa siku tano, halafu Jumamosi wanakwenda kuvunjana mbavu?"

"Ndiyo. Na Jumatatu wanarudi shimoni."

"Kwa sababu gani?"

"Wanalipwa. Ukishinda unalipwa vizuri. Ukifungwa unalipwa nauli na matusi."

Msimu ule sheria ilibadilishwa. Zamani timu ikishika mpira ilikaa nao mpaka iupoteze yenyewe. Sasa wakiangushwa mara nne lazima wauache. Stanley aliichukia sheria hiyo kama mke aliyeletewa mke mwenza. "Wakati wetu," alisema, "tuliushika mpira mpaka wenzetu wanalia." Marhoon alitaka kujua nani anayehesabu hizo mara nne, na akikosea je? Mwezi wa Januari alitaka kujua theluji. Uwanja uliganda, wakautandazia majani makavu usiku kucha ili mpira uchezwe. Marhoon, aliyekuwa akitokwa na jasho chini ya feni, aliisoma khabari hiyo mara tatu. Calderthorpe walikuwa wa ishirini na mbili katika timu thelathini, na yeye, ambaye hajawahi kuiona raga hiyo kwa macho, alikuwa amekwisha kuanza kusema "sisi."

Katika bunda la Februari alikuta picha ya zamani. Gazeti lilikuwa na mtindo wa kuwakumbusha watu timu za miaka iliyopita, na hii ilikuwa ya mwaka 1957. Wanaume kumi na watatu wamekunja mikono. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa na sikio lile. Chini iliandikwa kwamba Ackroyd alisajiliwa na Calderthorpe kwa paundi mia tatu, na alicheza misimu mitano.

Marhoon alisimama peke yake stoo akacheka kwa furaha. Kwao mchezaji hodari aligombewa. Klabu hii ikimpa kazi bandarini, klabu ile inampa baiskeli, na mama yake hutembea mtaani kichwa juu. Na huyu Stanley, kununuliwa paundi mia tatu, amenyamaza kama aliyeiba kuku!

Asubuhi hiyo hiyo akaingia Bwana Prentice, mkuu wa stoo, mtu mwembamba wa kutoka kusini ya Uingereza, kaptula yake imepigwa pasi hata siku ya vumbi. Ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya raga ya kambi.

"Bwana Prentice, hongera," Marhoon akasema. "Ijumaa mtawatafuna maofisa wabichi. Mnaye mchezaji wa kununuliwa."

"Nani huyo?"

"Stanley. Paundi mia tatu, Bwana! Misimu mitano alilipwa. Imo gazetini na picha."

Alitegemea mkubwa wake afurahi. Prentice alikunja uso kama aliyetiwa ndimu machoni.

"Kwa raga?"

"Kwa raga."

"Asante, Marhoon," alisema Prentice, akatoka bila ya kuchukua alichokijia.

Hapo ndipo Marhoon alipojifunza kwamba wazungu wana raga mbili. Moja ya watu kumi na watatu, ya kulipwa, wanayoicheza watu wa migodini kule kaskazini. Ya pili ya watu kumi na watano, ya bure, na hiyo ndiyo iliyochezwa kambini. Mtu akipokea hata shilingi moja katika ile ya kwanza, ni haramu kwake kuigusa ya pili mpaka anakufa. Stanley aliwaambia watu wa kambi kwamba raga yao alijifunza shuleni. Alikwisha kucheza mechi tatu.

Alasiri Stanley akaja kaunta. Hakutaka kifaa.

"Ulimwambia?"

"Nilikusifu."

"Ungelinyamaza."

"Sikujua, Bwana Stanley. Wallahi sikujua. Wamekutoa?"

"Wamenisimamisha. Kamati inakaa Alkhamisi. Nimewaambia watafute ushahidi." Akaegemea kaunta, na kwa mara ya kwanza Marhoon akamwona mzee. "Timu nyingine iliyo karibu iko Bahrain. Goti langu lina msimu mmoja, labda nusu. Nilikuwa naomba nusu tu."

Marhoon alitaka kumwuliza imekuwaje mshahara ukawa najisi. Akaona si wakati wake, akalimeza swali kwa tabu.

Nyumbani Matrah alimwambia mkewe, Kheiria, wakila wali na papa mkavu.

"Baba Nasriya, wewe mdomo wako utatuponza," Kheiria alisema. "Mzungu umemsifia nini? Kakuomba umposee mke?"

"Nilidhani ni fakhari yake."

"Haya, fakhari hiyo. Sasa?"

"Ushahidi wao ni mimi na gazeti. Nikisema picha ile si yeye, basi."

"Na jina?"

"Jina moja tu, Ackroyd. Kwao Stanley anasema maAckroyd wamejaa kama ukoo wa Rawahi kwetu."

Kheiria akaacha kula. "Nnakuuliza mimi. Kazi yako pale si kuwajua watu kwa nyuso zao?"

"Ndiyo."

"Basi ukisema huzijui nyuso, umesema nini?"

Marhoon alikwisha kulifikiria hilo njia nzima.

"Miezi kumi na nne ulikaa kwa kaka yangu," Kheiria akasema. "Mie siyasahau maneno ya mkewe."

"Hata mimi. Lakini yule mtu kaomba nusu msimu, na aliyemnyang'anya ni mimi. Si Prentice. Mimi."

"Uongo huo utaubeba mwenyewe."

"Ntaubeba."

Alkhamisi saa tisa kamati ilikaa kwenye banda la kulia chakula, wazungu watano na buli la chai. Stanley alisimama mlangoni, mikono nyuma. Prentice aliliweka mezani gazeti alilolichukua stoo.

"Marhoon, Jumatatu uliniambia mtu huyu ni Stanley."

"Nilikosea, Bwana."

"Ulikuwa na hakika."

"Nilikuwa na hakika, na nilikosea. Naomba radhi. Nyie wazungu, Bwana, kwangu mimi mnafanana. Mkivaa kofia ndiyo sina khabari kabisa."

Mmoja akapaliwa na chai. Wakacheka wote isipokuwa Prentice. Mganga wa kambi, mnene mwekundu, akamwelekeza kidole mwenyekiti aliyekuwa mwembamba kama fito. "Hebu, mimi nani na huyu nani?"

Marhoon akawatazama kwa makini. "Mmoja wenu ni daktari," alisema.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Gazeti likapitishwa mkono kwa mkono. Picha ilikuwa ya miaka kumi nyuma, uso wa mtu umefifia kwa wino, limebaki sikio moja lililofura, na katika watu wa raga masikio ya namna hiyo si kitambulisho. Wakasema hakuna ushahidi.

Marhoon alikuwa akitoka, lakini swali lile lilikuwa limemkaa kooni tangu Jumatatu.

"Mniwie radhi. Nataka kuuliza tu. Mtu akilipwa, mchezo unaharibika nini?"

"Mchezo ni wa kucheza, si wa kula," Prentice alisema.

"Na mchimba makaa akivunjika mguu Jumamosi, Jumatatu watoto wake wanakula nini?"

Mwenyekiti alimshukuru kwa kuja.

Jumamosi Prentice alimwita. Mtu huyu hakuwa mbaya. Alikuwa wa kanuni, na kanuni zake hazikuwa na mlango wa nyuma.

"Marhoon, unawapa vifaa watu arubaini na mmoja kwa kuwatazama nyuso."

"Ndiyo, Bwana."

"Na uliiambia kamati kwamba nyuso zetu zinakuchanganya."

"Niliiambia."

"Ni kweli?"

Alimpa nafasi ya kurudi nyuma, na wote wawili walijua. Kurudi nyuma ni kumrudisha Stanley mlangoni pale, mikono nyuma.

"Ni kweli, Bwana."

"Basi siwezi kukuacha kaunta." Akanyosha mkono, na Marhoon akaweka ufunguo ndani yake.

Walimpeleka uwanja wa nje kuhesabu mabomba yanapoteremshwa kutoka kwenye malori. Jumamosi ile ile Stanley alipita, jicho limevimba.

"Mpumbavu wewe," alisema.

"Umecheza?"

"Nimecheza."

"Nilikuwepo, nilisimama na madereva. Lakini yule mwamuzi, kipindi cha pili, ulipolalia mpira, mbona alipiga firimbi? Kwenye raga yenu ya Calderthorpe si ungeamka tu ukaendelea?"

Stanley akakaa juu ya bomba, juani, akamweleza.

Kambi ilifungwa mechi ile kumi na nne kwa sita. Stanley alipoteza meno mawili na ubavu mmoja uliingia ufa. Alicheza mechi tano nyingine, ikaingia joto ya mwezi wa Aprili, na goti likaisha. Kwa hiyo baada ya kamati alicheza jumla mechi sita. Calderthorpe walimaliza wa ishirini na nne. Marhoon alipoteza kiti, feni na ufunguo. Mshahara ulishuka kutoka rupia mia na arubaini kwa mwezi mpaka rupia tisini na tano. Alihesabu mabomba juani miezi kumi na tisa, na macho yakamharibikia, la kulia zaidi. Mwezi wa Juni Kheiria alichukua bangili yake moja ya dhahabu akaenda nayo sokoni Matrah, na Septemba akaenda na ya pili. Alikuwa na mbili.