Kilo za Mkewe

Watu wote walimwita Kimo. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kumezwa na kazi, kwani alikuwa fundi wa kunyanyua magari, yale ya kupita mawe na matope. Mwenye gari aliyetaka lake lisimame juu juu kama limeona nyoka alielekezwa kwake. Springi alizijua kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Ndiyo maana siku ile shemeji yake, dada wa mkewe, aliposhuka garini mbele ya nyumba, akashika kiuno na kusema, "Shemeji, wewe ni fundi wa nani? Wa maadui?" maneno yale yalimwingia mpaka kwenye mfupa.

Mkewe alikuwa bado amelala huko nyuma, kwenye kitanda chembamba ambacho Kimo alikifunga kwa bolti nne mahali pa viti. Midomo ilikuwa imemkauka. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa kitanda kana kwamba gari bado linakwenda. Kila Jumanne walimpeleka hospitali, mwendo wa saa tatu, njia yote mawe, na katikati mto usio na daraja. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Hakuna jiwe la njia ile ambalo mgongo wake haukulijua.

"Kitendawili," alisema kwa sauti ndogo.

"Tega," Kimo akamjibu, maana ndivyo walivyoishi tangu ujana wao. Mke akitega, mume anategua.

"Ninakwenda nimelala, ninarudi nimepigwa, na anayenipiga ananipenda."

Kimo aliinama kumfuta vumbi usoni.

"Basi usijisumbue, jibu unalo," mkewe akasema. "Nisikilize, mume wangu. Jumanne ijayo nitakwenda. Gari likinipiga tena namna hii, ndiyo mwisho. Nitalala kitandani kwangu, ugonjwa uje unikute hapo hapo."

Kilichomuuma zaidi Kimo ni kwamba springi zile zilikuwa mpya. Alizifunga mwenyewe wiki tatu nyuma, kwa ajili ya mkewe. Kulishusha gari hakuweza, kwani pale mtoni lingekalia mawe. Ilibidi libaki juu, ila liwe laini, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Springi nzito ikikosa mzigo wa kuikalia hurusha kama punda asiyetaka kupandwa. Iliyo nyepesi ikizidiwa hulala mpaka chuma kigonge chuma. Kwa hiyo kwanza unapiga hesabu ya mzigo, halafu ndipo unachagua.

Hesabu walikuwa wameipiga kwa muuza springi, mtu mnene mwenye kipande cha chaki nyuma ya sikio. Alikuwa na springi za daraja tatu zimepangwa ukutani, akaandika chini sakafuni.

"Tangi la pili likijaa?"

"Arobaini."

"Mtungi wa hewa ya mgonjwa?"

"Kumi na tano. Kitanda na godoro, ishirini na mbili."

"Dada mtu anayekaa naye huko nyuma?"

"Sitini na moja. Usimwambie kama nimekutajia."

"Na mkeo?"

"Sabini na nne." Wala hakufikiri. Ilimtoka kama mtu anavyotaja jina la mtoto wake.

Muuza springi alijumlisha. "Mia mbili na kumi na mbili. Umevuka mia mbili, hizi za daraja la pili zitakulalia. Chukua za tatu."

Akazichukua. Tangu hapo kila Jumanne ilikuwa ni kipigo.

Basi Jumatano Kimo aliingia chini ya gari kutafuta kosa. Alilegeza shokapu hatua mbili. Akapunguza upepo wa matairi. Akazikagua bushi, zile raba za kwenye maungio, moja moja kwa tochi, zote nzima. Kisha akamwomba mkewe radhi, wakampakia pamoja na dada yake, mtungi na kila kitu, gari likiwa limesimama tu, akapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu mpaka kwenye madigadi. Lilikuwa limekaa juu kuliko alivyotarajia, zaidi ya unene wa kidole. Gari lenye mzigo wote limekaa kama lina njaa.

"Umeniuzia springi za chapa ya uongo," alimwambia muuza springi, hata salamu hakutoa.

"Chuma hakina uongo, Kimo. Uongo tunao sisi wenye midomo. Nitajie tena."

Akamtajia tena. Tangi, mtungi, kitanda, shemeji.

"Na mkeo?"

"Sabini na nne, nimeshakwambia!"

Muuza springi alikuwa amemwona yule mama kupitia kioo cha gari wiki iliyopita. Alitoa chaki nyuma ya sikio, akaizungusha vidoleni, macho yake chini.

"Ulimpima lini, kaka?"

Kimo alihesabu kurudi nyuma. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, kwenye mizani ya mashine ya kusaga, mkewe akicheka na kumwambia ashike mkoba usije ukamwongezea. Tangu siku hiyo hakumpima. Kumwogesha, aliyemwogesha ni dada mtu. Na kumwingiza garini walimbeba kwa shuka wawili, kila mmoja na ncha zake.

Aliporudi nyumbani alikuwa ameazima mizani ya kukanyagia. Mkewe kusimama hakuweza. Kwa hiyo Kimo alimwinua mikononi, peke yake safari hii, akapanda naye.

"Unanipima kama gunia," mkewe alisema kifuani kwake.

"Tulia, sindano inacheza."

Shemeji mtu aliinama akasoma. "Mia moja ishirini na tisa, nyote wawili."

Kimo alimlaza, akapanda peke yake. Sabini na nane. Zilizobaki alizijua kabla hajazitoa, ila alizitoa polepole, kama mtu anayetumaini hesabu itakosea. Hamsini na moja.

"Ulidhani ninajipunguza nivae gauni la harusi?" mkewe akamwuliza.

"Nilidhani dada yako ndiye ana nguvu. Kila Jumanne shuka linakuwa jepesi, nikasema, kumbe shemeji huyu ana mikono ya mchukuzi."

Dada mtu alicheka, kisha akageukia ukutani.

"Hujaniangalia siku nyingi, Kimo," mkewe akasema taratibu. "Umeliangalia gari."

Kesho yake alifunga springi za daraja la pili. Mia moja themanini na tisa, sasa zilitosha. Shokapu alizirudisha hatua moja, akalipitisha gari peke yake kwenye mashimo ya mtaani, akaziongeza kidogo, akajaribu tena. Jumanne ilipofika, walivuka mto bila kugusa jiwe. Kimo alitazama kwenye kioo akaona mkewe amefumba macho. Akakanyaga breki. Shemeji akamwashiria kwa kidole mdomoni. Amelala usingizi.

Basi mama akaendelea kwenda hospitali. Lakini futi haikumtoka tena Kimo mfukoni. Kila Jumanne, tangi likiwa limejaa na watu wameshapanda, alipima, na gari lilikuwa limepanda, siku nyingine kwa unywele tu. Hapo alikwenda kuteka mchanga, kilo mbili, kilo tatu, akautia katika mfuko na kuusukuma chini ya kitanda. Muuza springi alipoambiwa alisema, "Kilo mbili gari halizijui, ndugu yangu." Kimo akamjibu, "Mimi ninazijua."

Jumanne ya tisa daktari alimwita pembeni. Alimwambia wasije tena, dawa zilizobaki ni za maumivu tu, na hizo zitatolewa nyumbani. Kimo mwenyewe alimwambia mkewe, ameshika kitasa cha mlango wa nyuma. Mkewe aliitikia kwa kichwa. Walivuka mto.

Walipofika karibu na nyumba akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nikipungua linapanda. Likipanda, mume wangu anateka mchanga."

Kimo alizima injini. Kumbe mkewe alijua.

"Ni kilo ngapi huko chini?" akauliza mkewe.

"Kumi na moja."

"Basi siku zote nimelala nusu kitandani na nusu uvunguni." Akatabasamu kidogo. "Umwage. Sitaki kuzikwa kwa mafungu."

Mbele ya geti palikuwa na shimo ambalo Kimo aliapa miaka yote kulifukia na hakulifukia. Alishuka, akavuta mifuko mmoja baada ya mwingine, akaimwaga humo na kushindilia kwa miguu.

Futi ilikuwa mfukoni. Hakuitoa. Aliwasha gari, akalipitisha juu ya mchanga ule taratibu, macho yakiwa kwenye kioo, kwa mkewe, na mkewe hakushika ukingo wa kitanda.