Sikio la Mariamu

Waliponiita niuthamini ubao aliouchonga marehemu baba yao, nilijua naitwa kuamua ugomvi. Kaka mtu, mhasibu, alinidaka mlangoni hata viatu sijavua.

"Dada, ule ubao sio wenyewe. Tulipopaka nyumba rangi ulikaa karakana kwa mdogo wangu, ukarudi umekuwa mweusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukithibitisha tu, hapa hakanyagi tena."

Akanikaribisha soda baridi. Sikuigusa. Katika kazi hii, anayekukirimu kabla hujafungua mkoba ana lake jambo.

Mdogo mtu, seremala, alikuwa sebuleni, mikono kaibana katikati ya magoti. Mama yao alichambua mchele karibu na dirisha, wala hakuinua macho. Sikumwamini hata mmoja wao.

Ubao wa mkangazi ulichukua nusu ya ukuta, sura zimechongwa zikatokeza kama zinataka kushuka. Malaika anamletea Mariamu habari, lakini ana magamba ya samaki na kifuani ana mlango ulio wazi. Nyuma yake wamejipanga malaika wadogo, masikio yamewazidi vichwa. Mariamu mwenyewe hana uso. Mahali pa uso pana sikio moja kubwa. Wachungaji waliukataa kanisani kwa sababu ya sikio hilo, na watu wa makumbusho wakaupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nikalowesha pamba kwa mate, nikaanza kufuta utando wa mafuta.

"Unautemea mate?" mhasibu akaruka.

"Mate hayachubui. Nani anaupaka mafuta ya kupikia?"

"Mimi," mama akasema. "Tangu urudi kutoka karakana. Niliuona umekauka, mwanangu."

"Basi ndiyo yaliyoufanya mweusi, mama. Yanavuta vumbi. Kitambaa kikavu kinatosha, na hilo dirisha litiwe pazia zito, jua linaupasua."

Seremala akashusha pumzi. Kaka yake akaguna tu, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Pamba ilipofika kwenye sikio la Mariamu, nikasita. Patasi ya marehemu ilikata kwa kina, safi, hata kwenye masikio ya malaika. Hapa ubao ulikuwa umekwanguliwa kwa kisu, tena kwa hasira. Nikamulika tochi. Chini ya ukingo wa sikio ilibaki kona ya jicho, na hereni.

"Mkono mwingine umepita hapa," nikasema.

Mhasibu akamgeukia mdogo wake. "Si nilisema! Umeiharibu kazi ya baba. Toka!"

Seremala akasimama aondoke. Nilimwonea huruma, ingawa moyoni nami nilishamhukumu: mtu wa mbao, ana visu, na ubao alikaa nao; nikasahau kwamba sikio hilo lilijulikana zamani.

"Kaa chini, baba," mama akamwambia. Akauweka ungo sakafuni. "Ni mimi."

Akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Ule ulikuwa uso wa mwanamke wa nyumba ya pili, alikokuwa akishinda baba yenu, na hereni zake. Nyinyi mlikuwa bado wadogo. Baba yenu alimchonga, akamtundika sebuleni kwangu, akaniachia kazi ya kumpangusa vumbi. Nikachukua kisu cha jikoni. Nikachonga sikio, maana nilikuwa nimesema mpaka nimechoka, na humu ndani hapakuwa na wa kunisikia."

Mhasibu alinyoosha mkono kumshika mdogo wake bega. Mdogo mtu akalikwepesha.

"Na baba alisemaje?" mhasibu akauliza, sauti imeshuka.

"Hakusema. Alirudi jioni, akautazama, akaenda kulala. Asubuhi akashika patasi, akawachongea malaika wote masikio." Mama aliutazama ule ubao kwa jicho la mtu anayepunjwa sokoni. "Mpaka tunamzika sikujua alikuwa ananiomba radhi au ananicheka."