Aibu ya Koleo

Pale machinjioni walimwita Koleo, kwa kuwa alichokishika hakikuponyoka. Miaka kumi na tisa alikuwa akishika kamba ya pembe huku shemeji yake, kaka wa mkewe, akichinja. Kisha akaumwa na mbu. Chikungunya ilimlaza siku sita. Homa ikaondoka, lakini maumivu yakabaki kama mgeni asiyejua kuaga. Miezi minane baadaye viungo vya mikono bado vilivimba kila asubuhi, na mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati.

"Waambie kazini," mkewe alimsihi.

"Niwaambie nini? Mbu kanishinda?"

Msimamizi alikwisha kusema: homa ya mbu ni ya wiki moja, zaidi ya hapo ni uvivu.

Jumanne liliingizwa dume jeusi. Koleo akapitisha kamba kwenye pete ya ukutani, akavuta. Shemeji akainama na kisu. Dume likatupa kichwa. Kiwiko cha Koleo kikawaka moto, vidole vikaachia vyenyewe, kamba ikapita ikimchuna ngozi.

Dume lilimbamiza shemeji ukutani, mbavu zikaalika kama kuni kavu. Likarudi tena. Pembe ikazama chini ya goti, likamwinua, likamtupa kwenye mfereji wa damu. Koleo akalirukia shingoni, likamburuta sakafuni kama gunia mpaka msimamizi alipolipasua utosi kwa shoka.

Wenzake wakamgeukia.

"Umekuja umelewa!" Mchuna ngozi, pande la mtu, alimtandika ngumi ya mdomo. Jino likaruka. Wengine wakamshukia kwa mateke ya mabuti. Alitaka kujikinga uso, mikono ikakataa kunyanyuka.

Hospitalini shemeji alikatwa mguu. Koleo alimkuta ameukazia macho ukuta.

"Kumbe bado ulikuwa mgonjwa. Dada kaniambia."

"Niliona aibu, shemeji."

"Ungesema, ningetafuta mtu mwingine wa kamba. Aibu yako imenila mguu." Akageuza uso. "Nenda. Sijakusamehe, lakini nenda ukawaambie."

Kesho yake Koleo alisimama katikati ya machinjio, mdomo umevimba, akaonyesha viganja vyake vilivyovimba kama mikate.

"Sikulewa. Chikungunya haijaniacha. Nilijua, nikanyamaza, na ndugu yangu hana mguu. Mkitaka kunipiga tena, nipigeni. Ila mwenye maumivu kama yangu asishike kamba leo."

Msimamizi akacheka peke yake. "Haya, wagonjwa wa mbu wajitokeze!"

Hakuna aliyesogea. Kisha mchuna ngozi akaweka kisu chini, akapandisha suruali taratibu. Magoti yake yalikuwa yamejaa, yanang'aa.

"Mimi tangu mvua zile," alisema bila kumtazama Koleo. "Usiku nalia kama mtoto."

Watu wawili zaidi wakaziachia kamba zao. Ng'ombe waliokuwa zizini hawakuchinjwa siku hiyo.