Inchi Thelathini na Moja

Mwaka mzima niliishi ndani ya maziwa. Mtoto wa jicho aliyeyusha dirisha la karakana yetu, akavipa vitambaa vyote rangi ya chai iliyopoa, na mume wangu akamfanya kivuli kirefu upande wa pili wa meza. Wala sikuogopa sana. Nilikuwa kama mtu aliye nusu usingizini, anayesikia nyumba ikiendelea na shughuli zake bila yeye.

Mume wangu hukata nguo, mimi nashona anachokata. Watu wanamwita Mkasi. Zamani alikuwa akikata huku akiimba wimbo mmoja tu, na kila siku akiruka mstari wa pili, nami nikimfokea juu ya kelele za cherehani. Kisha akatolewa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Tangu hapo anaongea kwa midomo mitupu, bila hata mnong'ono, na mimi nikajifunza kuisoma kama ninavyosoma chaki kwenye kitambaa. Kuimba aliacha. Alisema ataonekana kituko.

Ukungu uliponizidi, mambo ya lazima alianza kuniandikia kwa kidole kiganjani: uzi, mteja, chai. Lakini yale yasiyo ya lazima, yale ya kumsema mteja naye amesimama palepale, ndiyo ndoa yenyewe, na hayo yalinipotea. Kivuli kilipochezesha mdomo nilijibu tu, "Sawa," au "Kesho, baba." Kukiri kwamba sikuisoma tena sikuweza; kiburi changu nakijua mwenyewe.

"Lenzi nitakayokuwekea haitajirekebisha," daktari wa macho aliniambia. "Ukichukua ya mbali, barabara utaiona safi, sindano utaivalia miwani. Ukichukua ya karibu, ni kinyume chake."

"Na ile inayoona kote?" binti yangu akadakia.

"Ipo. Lakini nyuma ya jicho la mama pana kovu, hiyo haitamfaa."

"Basi ya mbali, mama. Uwaone wajukuu wakija."

"Wajukuu wale na kelele zao? Nawasikia tangu kona."

"Haya, ya karibu. Si unashona?"

Daktari akacheka. "Mama, nenda kapime umbali wa kazi zako, uniletee."

Kunituma mimi kupima! Nilirudi karakanani, nikavua futi yangu shingoni. Kutoka jichoni hadi kwenye sindano: inchi kumi na nne. Kuelekea mlangoni futi iliisha hata kabla ya kufika kwenye pasi. Nikakaa nimeishika, nikiona weupe tu, na ndani ya weupe kile kivuli kikikata. Nikamrushia ncha.

"Shika. Weka mdomoni."

Aliibana kwa midomo. Halafu, maskini, akanyoosha mikono pande zote mbili kama mtu anayepimwa shati. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikaisogeza futi puani kwangu, nikasoma: thelathini na moja.

"Hapa pana nini?" daktari aliuliza alipoiona karatasi yangu.

"Mume wangu."

Hakucheka. "Basi tutaipangia hapo, katikati. Vipimo huweza kukosea kidogo, nakwambia mapema. Na sindano itataka miwani."

"Nitavaa," nikasema, mimi niliyewacheka mafundi wote wenye miwani mjini.

Upasuaji ulikuwa taa tatu zikiogelea ndani ya maji. Kesho yake walinibandua bandeji. Barabara ilikuwa na ukungu, mkono wangu pia, na njia nzima nilijiuliza kama nimechagua ujinga. Binti yangu alinishika kiwiko hadi kwenye kiti changu, akaenda zake.

Meza ilikuwa na kitambaa cha buluu, buluu ambayo nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ipo. Mikono ya Mkasi ilipita juu yake polepole. Yeye alijua kwamba jicho litahitaji siku kadhaa kutulia, kwa hiyo hakuwa na habari kwamba namwona. Aliinama anakata, na mdomo wake ukaanza kucheza.

"Sawa," nikajibu kwa mazoea.

Kisha nikaiona midomo yenyewe, kila mkunjo. Hakuwa akiongea na mimi. Alikuwa anaimba. Kumbe mwaka mzima, akiwa na hakika kwamba simwoni, mume wangu alikuwa akiimba, na mimi nikiujibu wimbo wake, "Kesho, baba." Machozi yalinijaa katika jicho jipya, na daktari alikuwa amenikataza kulifuta.

"Umeruka mstari wa pili," nikamwambia.

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Alinitazama, masikio yamemwiva kwa aibu, kisha akauliza kwa midomo, taratibu, ili nisikose neno, "Kwani huo mstari upo?"

"Upo. Rudia."

Akaanza upya, na akauruka tena.