Bakshishi ya Mzee Luhaga

Katika miaka kumi na minne ya kuvaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, Maige alikuwa amejifunza kupokea bakshishi bila kuonekana anapokea. Sanduku la mgeni hubebwa kwa mkono wa kushoto, hata likiwa na mawe ndani, ili mkono wa kulia ubaki huru. Mkono huo wa kulia unakaa karibu na paja, umekunjuka kidogo, na mwenyewe anatazama ziwa kana kwamba analiona leo kwa mara ya kwanza. Asante inatoka kabla hujajua umepewa thumni au shilingi, na sauti yake haipandi wala haishuki. Mgiriki mwenye hoteli ile ya Mwanza aliujua vizuri mkono huo, ndiyo maana mshahara aliutoa nusu, nusu nyingine akawaachia wageni.

Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka ulipokuja Uhuru. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa wa mwaka wa kwanza, na Wazungu walikuwa wanapungua kama maji ya dimbwi wakati wa kiangazi. Aliyebaki hotelini ni Bwana Hendasoni, mkaguzi wa pamba, aliyekaa chumba namba mbili miaka sita, naye alikuwa anaondoka Ijumaa kwa meli ya Kisumu kwenda kuishi Nairobi. Alitaka kumchukua Maige akamtumikie huko. Alishamwambia, na alisubiri jibu kama mtu anayelijua.

Maige hakutaka Nairobi. Alitaka kula ugali wake nyumbani, mtaa wa Kirumba, na mkewe Dorotea na watoto wake watatu, basi. Lakini Dorotea alikuwa mtu wa kuuliza maswali yaliyonyooka.

"Wazungu wanaondoka na mifuko yao," alimwambia. "Wakija Waafrika kulala hapo hotelini, watakupa?"

"Watanipa. Ni watu wetu hao."

"Haya. Wa kwanza akikupa, tunabaki wote hapa. Asipokupa, nenda na Mzungu wako, utuletee ada za shule."

Aliyasema hayo huku anachambua mchele, bila chozi, na hilo ndilo lililomtisha Maige.

Mwafrika wa kwanza alikuja wiki hiyohiyo. Aliitwa Mzee Luhaga, mtu wa ng'ambo upande wa Sengerema, mwenye pamba nyingi na ng'ombe ambao hakupenda kuulizwa idadi yao. Mpwa wake, karani wa ushirika, alikuwa amemwambia kwamba siku hizi watu waliostaarabika huenda likizo, yaani mtu anakwenda mahali ambapo hana kazi, hana mgonjwa na hana msiba, anakaa. Mzee alikubali, ingawa aliuliza mara mbili kama kweli hakuna aliyekufa. Akauza pamba, akamchukua mkewe Ng'washi, wakavuka.

Maige aliwahudumia kama hajawahi kumhudumia mtu. Aliwachambulia miba ya sato. Aliwapelekea chai kitandani alfajiri, na siku ya kwanza Mzee Luhaga aliruka akiuliza nani anaumwa. Viatu vya mzee vilikuwa katambuga, vile vya tairi la gari. Maige alivipiga kiwi mpaka tairi likang'aa. Seif, mpishi wa hoteli, mtu wa mjini aliyezaliwa na mdomo wake, alisimama mlangoni akatazama kazi hiyo yote.

"Hata lilipokuwa kwenye lori halikung'aa hivyo," akasema.

Jumanne asubuhi wageni walimlipa Mgiriki, mizigo ikatolewa barazani. Motaboti ya ng'ambo ilikuwa inaondoka saa nne.

"Haya, mwanangu," alisema Mzee Luhaga. "Sisi tunakwenda."

"Haya, mzee. Safari njema, karibuni tena," alisema Maige, akanyanyua sanduku kwa mkono wa kushoto, akatazama ziwa.

Mzee Luhaga aliutazama mkono wa kulia wa Maige. Ulikuwa mtupu. Akamtazama mkewe, naye mkewe akatazama sakafu.

"Kwani haraka ya nini," alisema mzee, akaketi. Motaboti ikaondoka bila yao. Mchana alimlipa Mgiriki siku nyingine.

"Anatafuta fedha ndogo," Maige alimwambia Seif jikoni. "Ana noti tupu. Mtu mkubwa hawezi kuomba chenji mbele ya watu."

"Atatafuta mpaka meli ya Kisumu ing'oe nanga," alijibu Seif.

Jumatano ikawa vilevile, ila adabu iliongezeka pande zote mbili. Mzee aliaga kwa sauti ya juu zaidi, labda jana hakusikika. Maige alisema safari njema kwa kuinama zaidi, labda jana hakuonekana. Wakasimama hivyo, mmoja anatazama ziwa, mwingine anatazama mkono, mpaka motaboti ilipopiga honi mara ya mwisho. Mzee akaketi. Maige alihesabu kwa vidole: ilibaki siku moja kabla ya Ijumaa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Seif alisema usiku huo akifunga jiko, kwa mzaha tu. Hakufikiri kwamba Mzee Luhaga naye alilelewa na methali hiyohiyo.

Alhamisi kulipopambazuka mzee alikwenda kibandani kwa mtunza bustani, akajichukulia jembe. Watu walipoamka alikuwa amekwisha kulima bustani yote ya maua iliyo mbele ya chumba cha kulia, matuta yamenyooka, safi, tayari kwa viazi. Yale maua ambayo mke wa Mgiriki aliletewa mbegu zake kutoka kwao yalikuwa yamerundikwa pembeni na magugu mengine. Jikoni, Ng'washi alikuwa amefunga kanga kiunoni anaosha sufuria, na Seif amesimama kando hana la kufanya na mikono yake.

Bwana Hendasoni, akinywa chai yake, aliuliza kama hoteli imeajiri mtu mpya. Mgiriki alitoka na nguo za kulalia.

"Mzee! Wewe ni mgeni hapa!"

"Ndiyo," alisema Mzee Luhaga, hakuacha kulima. "Siku ya tatu tangu nianze kuaga."

Maige alikimbilia jikoni kumwomba Ng'washi aache sufuria. Mama yule hakuacha. Alizungumza bila kumtazama, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwenzake.

"Ng'wanone, mwanangu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu, mama!"

"Siku tatu tunaaga. Siku tatu unatuambia safari njema, mkono mtupu. Mimi nilisema hawa wanatufukuza. Mzee akasema hapana, hawa wametutunza vizuri, ni kwamba kuku wa kutuagia hajapatikana, tuwasubiri. Nyumba kubwa namna hii, mwanangu, kumbe hamna kuku?"

Kuku walikuwepo. Walikuwa wamewala kila mchana, wa kukaanga, na viazi.

Maige aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Mama yake, kule Magu, hakuwahi kumwacha mtu atoke uani kwake bila chochote. Mwaka wa njaa alitoa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na michembe ilipokwisha alimsindikiza mgeni mpaka njia panda akimwomba radhi. Hayo Maige aliyajua kabla hajajua kufunga kifungo. Kumbe siku tatu nzima mzee alikuwa anatazama mkono ule akingoja utoe, na yeye ameukunjua akingoja upewe.

Aliomba ruhusa ya nusu saa, akaenda Kirumba mbio, kanzu ameishika mkononi.

"Amekupa?" aliuliza Dorotea.

"Ananisubiri mimi nimpe."

Dorotea alitua mwiko. "Kwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Siku tatu mgeni anakaa barazani na mizigo yake, na wewe umemtegea kiganja? Maige! Una wazazi wewe?"

Alimkamata kuku mwenyewe, yule mwekundu anayetaga kila siku, akamfunga miguu, akamkabidhi mumewe. Habari ya Nairobi hakuigusa.

Mzee Luhaga alimpokea kuku kwa mikono miwili. Alimpima uzito. Alimpuliza manyoya ya kifuani aone mafuta, akayaona. Kisha akampa jembe mtunza bustani, akanawa, akavaa katambuga zake zinazong'aa.

"Sasa tumeagwa," alisema. "Watu wakiniuliza Mwanza nilifikia wapi, nitasema nilifikia kwa Maige. Na wewe ukivuka kuja kwetu, usitafute hoteli."

Saa nne wakaondoka. Bakshishi hakutoa, hata senti kumi.

Jioni Maige alimweleza Dorotea yote, kwa sababu hakuwa mtu wa kumficha mkewe kitu, na pia kwa sababu kuku alikuwa wa mkewe.

"Basi hakukupa," alisema Dorotea.

"Hakunipa."

"Na sisi tulikubaliana."

Akaanza kukunja mashati ya mumewe. Alikunja polepole mno kwa mtu mwenye mashati manne. Maige alikaa kwenye kigoda, roho inamuuma, na kichwani mwake maneno mawili yakawa yanazunguka: kwa Maige. Miaka kumi na minne wageni walikuwa wanasema wamelala hotelini, au wamelala kwa Mgiriki. Mzee yule aliwalipa Mgiriki na hoteli fedha zao kamili, kisha akaona nyumba ni ya mtu mwingine.

Ijumaa, meli ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Saa sita Maige alisimama uani, sanduku lake liko mlangoni limefungwa kamba.

"Dorotea. Nahitaji kuku mwingine."

"Wa nani tena?"

"Bwana Hendasoni anaondoka."

"Si unaondoka naye?"

"Mwenyeji haondoki na mgeni," alisema Maige. "Anamsindikiza tu."

Dorotea alilitazama lile sanduku lililofungwa kamba. Ada za shule zilikuwa palepale, hakuna aliyezilipa, na wote wawili walizijua. Halafu akacheka, kicheko ambacho Maige alikuwa hajakisikia tangu Mzungu ataje Nairobi.

"Basi mpe jogoo," alisema. "Yule anayewika saa nane za usiku. Kuku wa kutaga nimetoa mmoja, inatosha."

Gatini Bwana Hendasoni alikuwa amesimama chini ya ngazi ya meli na kofia yake na tikiti mbili. Alimwona Maige anakuja kwa suruali na shati, hana kanzu, hana sanduku, ana jogoo.

"Mizigo yako iko wapi?" aliuliza.

Maige alimnyooshea jogoo kwa mikono miwili. Bwana Hendasoni alitia mkono mfukoni papo hapo. Miaka yote aliyokaa nchi hii, akiletewa kuku, alilipa, na hakuwahi kumpunja mtu.

"Kiasi gani?"

"Siuzi, bwana. Umekaa kwetu miaka sita. Leo unakwenda kwenu. Nakuaga."

Mzungu alibaki na mkono mfukoni. Alimtazama Maige, akazitazama zile tikiti mbili, akautazama na mji, mawe yake na nyumba zake juu ya vilima, kama mtu anayekumbushwa kwamba vitu hivi vina wenyewe. Mwishowe alitoa mkono mtupu, akampokea jogoo kwa mikono miwili, kwa kuwa jogoo yule hakushikika kwa mmoja.

"Asante," alisema. Alisema kabla hajajua kama jogoo ni mnono.

"Safari njema, bwana. Karibu tena."

Meli ilipoanza kusogea, jogoo aliwika kutoka daraja la kwanza, na wapagazi wote gatini wakaangua kicheko. Maige hakucheka. Alingoja mpaka meli ilipozunguka mawe, kama inavyompasa mwenyeji, kisha akarudi hotelini kuvaa kanzu yake, maana saa kumi ni chai. Chumba namba tatu alikuwa amefika mwalimu kutoka Musoma na mkewe, na Maige alitaka kuwauliza kwa adabu wanaondoka lini. Nyumbani walikuwa wamebaki kuku wanne.